Tunagombania Cheti, Dawa Tunaisahau

Kila ifikapo Novemba, dunia inapoadhimisha wiki ya kuelimishana kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tarehe 18 hadi 24, mjadala uleule hurudi Dar es Salaam. Mamlaka hukumbusha kwamba antibiotiki haziuzwi bila cheti cha daktari, wenye maduka ya dawa hujibu kwamba wanaonewa wao huku wakubwa wakiachwa, na sisi wengine tunagawanyika kati ya "wafungiwe" na "mnataka maskini wafe". Tangu Septemba 2024 moto huo umepata kuni mpya. Mwezi huo nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikutana New York na kukubaliana kwamba ifikapo 2030 walau asilimia 70 ya antibiotiki zote zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi moja maalumu la dawa. Hapa kwetu nimesikia lengo hilo likitajwa kana kwamba ni amri ya kuyabana maduka. Ukilisoma vizuri, halihesabu vyeti hata kidogo. Linahesabu ni dawa ipi imemezwa.

Hapo ndipo tunapopishana. Msimamo wangu ni kwamba serikali ina haki, na kwa kweli ina wajibu, wa kudai cheti cha daktari, lakini kwa orodha fupi ya dawa ambazo zikitumiwa ovyo zinamdhuru mtu ambaye wala hakuwepo dukani. Kwa dawa zilizobaki, kudai cheti katika jiji kama hili kutaliondoa tatizo kwenye kaunta ya famasi na kulipeleka kwenye muhuri wa zahanati, na gharama ya safari hiyo ataibeba mgonjwa.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaichanganya. Udhibiti wa dawa tulionao umejengwa juu ya sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, chombo ambacho mwaka 2019 kilikabidhi masuala ya chakula kwa TBS, Shirika la Viwango, na kubaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kazi ya kusimamia wafamasia na maduka yao ni ya Baraza la Famasi, chini ya sheria ya mwaka 2011. Lakini jambo lililobadilisha maisha ya mtaani zaidi lilianzia mbali na Dar, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, pale yalipoanza Maduka ya Dawa Muhimu, yale tunayoyaita DLDM. Kabla yake kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kwa karatasi yaliruhusiwa kuuza dawa za maumivu, mafua na mfano wake; kwa vitendo yaliuza chochote kilicholetwa na msambazaji. Serikali ilikuwa na njia mbili, kuyafunga au kuyakubali na kuyafundisha, ikachagua ya pili. Wauzaji wakapewa mafunzo ya wiki kadhaa, maduka yakawekewa viwango, na yakaruhusiwa kuweka orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache za kawaida. Kwa hiyo kuona amoksilini kwenye rafu ya duka la Chanika au Kimara hakumaanishi kwamba sheria imevunjwa. Dola yenyewe ilikiri, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kwamba duka liko karibu na mgonjwa kuliko daktari, na ikaamua kulitumia.

Utekelezaji ni suala jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Manispaa ya Moshi, ambako watafiti walituma watu waliojifanya wateja, ulikuta maduka mengi mno yakitoa antibiotiki bila kuona cheti chochote, na sina sababu ya kuamini kwamba Dar tuna adabu zaidi. Jioni moja Mbagala Rangi Tatu nilipanga foleni nyuma ya kijana wa ovaroli yenye madoa ya rangi. Aliomba "zile za rangi mbili, za buku". Binti wa kaunta hakumuuliza za nini. Alichukua mkasi, akakata karatasi ya vidonge katikati, akahesabu sita, akavitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika 2×3 kwa kalamu ya bluu. Vidonge viwili mara tatu: ile ilikuwa dawa ya siku moja, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja.

Mtu akisimulia kisa kama hicho, husikilizwa kama ushahidi kwamba cheti kinahitajika. Mimi naona makosa matatu pale, na hakuna hata moja ambalo lazima lisubiri daktari. Hakuulizwa anaumwa nini. Aliuziwa nusu ya nusu ya dozi. Na hakuna daftari lililoandikwa kwamba dawa ile imetoka. Muuzaji aliyefundishwa na kukaguliwa angeweza kuyarekebisha yote palepale, ikiwemo kumwambia, kama ni mafua, kwamba hayahitaji rangi mbili na arudi nyumbani na Panadol.

Sasa tuwape haki yao wanaotaka cheti kwa kila kitu, kwa sababu hoja yao kuu ni nzito. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 pekee vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao kwa namna moja au nyingine. Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano wa watu wake. Na sisi hatuhitaji makadirio kujua usugu unafananaje. Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima usiku. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, nayo haikudumu, na kufikia mwisho wa 2006 tukaanza kuhamia dawa za mchanganyiko tunazoziita mseto. Leo, kule Kagera, tayari imethibitika kwamba kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, kiungo muhimu cha mseto huo. Katika muda wa kizazi kimoja tumechoma dawa mbili na ya tatu imeanza kutoa moshi.

Hili ndilo linalonifanya niwakatae wanaosema mwili ni wangu na fedha ni yangu, niachieni nimeze ninachotaka. Ukinywa diklofenaki, dawa ya maumivu, kupita kiasi ukaharibu figo, umejiumiza mwenyewe na familia yako, na kuna nafasi ya kubishana kama serikali ina haki ya kukuzuia. Ukinywa antibiotiki kama siprofloksasini kwa siku moja na nusu, bakteria waliosalia tumboni mwako hawabaki wako. Wanakwenda kwa mwanao, kwa mpangaji mwenzako mnayetumia naye choo kimoja pale Tandale, na mwishowe kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji Temeke ambaye kidonda chake kinakataa kupona. Hakuna mtu huru peke yake katika chumba cha watu watano. Kwa dawa za namna hiyo, kizuizi cha dola ni halali kama ilivyo halali kumzuia mtu kutiririsha maji taka barabarani wakati wa mvua.

Lakini kuhalalisha kizuizi ni jambo moja, na kuamini kwamba cheti ndicho kizuizi chenyewe ni jambo jingine. Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayodhani kwamba upande wa duka kuna ujinga na upande wa daktari kuna sayansi. Ushahidi wa kuipinga umetoka humuhumu jijini. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoanza kutumika katika vituo vya Dar es Salaam, watafiti waliofuatilia waliona matumizi ya dawa za malaria yakishuka kwa takriban robo tatu. Habari njema. Ila waliona pia antibiotiki zikipanda. Mganga aliyezoea kumpa mseto kila mwenye homa, sasa kipimo kinamwambia hakuna malaria, akaona aibu kumrudisha mama mikono mitupu, akaandika antibiotiki. Kila kidonge kati ya hivyo kilikuwa na cheti.

Je, wagonjwa wale walizihitaji? Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika na homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22 tu. Kwa maneno mengine, watoto wengi wa homa wanaotoka kituoni na chupa ya dawa ya kuchanganya na maji hawakuwa na kitu ambacho dawa ile ingeweza kukiua. Kisha likaja jaribio lililochapishwa mwaka 2017, hapahapa Dar, kwa watoto zaidi ya 3,000. Waganga walipewa mwongozo kwenye tableti ukiambatana na vipimo vichache vya papo kwa papo. Waliotumia mwongozo huo waliandika antibiotiki kwa asilimia 11.5 ya watoto, wakati kundi la kulinganisha, ambalo nalo lilikuwa na mwongozo wake wa kielektroniki, liliandika kwa asilimia 29.7. Katika huduma ya kawaida, isiyo na mwongozo wa aina hiyo, karibu kila mtoto aliandikiwa. Na watoto walioandikiwa chache zaidi walipona vizuri zaidi. Waliobadilisha hali ile walikuwa na mwongozo na kipimo mkononi. Haki ya kuandika cheti walikuwa nayo tangu zamani.

Wenzetu waliotangulia kukaza kamba wametuachia la kujifunza. Chile ilianza kutekeleza kwa nguvu sharti la cheti kwa antibiotiki mwaka 1999. Matumizi yakashuka kweli, halafu miaka iliyofuata yakaanza kupanda tena. Meksiko ilifanya hivyo mwaka 2010, na kilichotokea huko kingemfurahisha mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo. Famasi zilifungua vyumba vya daktari ubavuni mwake, mlango kwa mlango, ushauri bure au kwa bei ya soda. Unaingia chumba cha kwanza unapata cheti, unatoka unaingia duka la pili unapata dawa, na mwenye mali ni mmoja. Sheria imetimizwa hadi nukta ya mwisho.

Nani anadhani sisi tungefanya tofauti? Zahanati binafsi nyingi hapa mjini tayari zina dirisha lao la dawa, na daktari anayeandika na dirisha linalouza viko chini ya bosi mmoja. Simlaumu mganga kwa hilo. Kodi ya pango lazima ilipwe. Lakini tukitangaza kesho kwamba hakuna kidonge bila cheti, tutakuwa tumemwongezea mteja mwenye dirisha lile na kumpunguzia mwenye duka la jirani, na kiasi cha antibiotiki kinachomezwa Manzese kinaweza kubaki palepale. Sishangai kwamba baadhi ya sauti kali zaidi za kudai cheti hutoka kwa watu wenye kalamu ya kukiandika.

Upo pia upande wa gharama, ambao wenye bima huusahau upesi. Mama wa Gongo la Mboto mwenye mtoto mwenye kikohozi akiamua kwenda Hospitali ya Amana, atalipa nauli, atapoteza siku ya biashara, atakaa foleni, na hata kama sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure, anaweza kuambiwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: dawa hakuna, kanunue nje. Nje ni wapi? Ni famasi ileile aliyoipita asubuhi. Ukimwambia mama huyu kwamba sharti la cheti linamlinda, atakusikiliza kwa adabu, lakini hutamshawishi.

Mbaya zaidi ni kwa wagonjwa wa muda mrefu, ambao mjadala wa antibiotiki huwameza bila kuwatafuna. Mzee wa shinikizo la damu anayetumia amlodipini ileile kwa miaka sita hana usugu wowote wa kuambukiza jirani. Akikosa dawa wiki tatu kwa sababu hana fedha ya kumuona daktari ili aandikiwe kile anachokijua kwa jina, rangi na umbo, hatari yake ni kiharusi. Kwake cheti kingeweza kuwa cha mwaka mzima, apimwe presha palepale famasi kila anapochukua dawa, na ikipanda kupita kiwango fulani ndipo arudishwe kwa daktari. Kwa dawa za aina hiyo kumlegezea mgonjwa ni kumlinda. Hata Marekani, nchi ambayo tangu 1951 imeweka kisheria mpaka kati ya dawa za cheti na zisizo za cheti, mwaka 2023 iliruhusu kwa mara ya kwanza kidonge cha kila siku cha uzazi wa mpango kiuzwe bila cheti. Mpaka huo huchorwa upya, na si lazima usogee upande wa kukaza tu.

Nirudi kwenye lile lengo la asilimia 70. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani linazigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, ambazo zinapaswa kupatikana kwa urahisi na ndizo zinazotakiwa kufikia ile asilimia 70, za kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu zinachochea usugu haraka, na za akiba, ambazo hazipaswi kuguswa mpaka nyingine zote zishindwe. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazoli ni za kuanzia. Azithromaisini, siprofloksasini na sindano ya seftriaksoni ni za jicho kali. Pembeni kuna michanganyiko ambayo shirika hilo linasema wazi haipendekezi, na mmojawapo ni ule wa ampisilini na kloksasilini, kipenzi cha akina mama wengi wa hapa mjini kwa kila kikohozi cha mtoto. Sasa angalia ukali wetu unavyotua. Duka la DLDM linaloweka amoksilini tunalitazama kama jambazi, huku kijana mwenye mkojo unaowasha akitoka kliniki na sindano tano za seftriaksoni kwa sababu kipimo cha haraka cha mkojo kimesema "ana UTI", na hilo tunaliita tiba. Ukipima kwa lile lengo tulilolikubali, aliyelikwaza zaidi ni wa pili, ingawa ana cheti, ana risiti na pengine ana bima.

Ndiyo maana napendekeza orodha fupi na ngumu. Antibiotiki zote za jicho kali na za akiba, sindano za kila aina, dawa kali za maumivu kama tramadoli na jamaa zake, na steroidi kama deksamethasoni ambazo watu hununua ili wanenepe: hizo zisitoke bila cheti, na cheti chenyewe kibaki dukani kama kumbukumbu, ili mkaguzi akija aweze kuona nani ameandika nini na mara ngapi. Hapo ukaguzi utamfikia mwandishi pamoja na muuzaji, jambo ambalo leo ni gumu. Antibiotiki za kuanzia zibaki mikononi mwa mfamasia na muuzaji wa DLDM kwa masharti anayoweza kuyatimiza: auze dozi kamili au asiuze, aandike kwenye daftari, auzie tu dalili zilizotajwa katika mwongozo, na mtoto mchanga amrudishe kituoni bila mjadala. Mkaguzi mmoja anayepita na orodha fupi kichwani atafanya kazi yake vizuri kuliko yule anayetakiwa kulinda mamia ya dawa, ambaye mwishowe halindi hata moja au analinda mfuko wake.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi. Watasema muuzaji anaishi kwa mauzo, hivyo hawezi kumrudisha mteja mikono mitupu, na mafunzo ya wiki kadhaa hayawezi kushindana na njaa. Ni kweli. Ndiyo sababu nadhani kipande kinachokosekana ni malipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mazungumzo kuhusu kitita cha huduma, yaani orodha ya huduma ambazo bima inazilipia, huwa yanahusu hospitali, vipimo vikubwa na upasuaji. Mfamasia anayempima mtu malaria kwa kipimo cha haraka, akamkuta hana, akamweleza dalili za hatari na kumruhusu aende bila kumuuzia kitu, amefanya huduma ya afya na hajapata hata senti. Kama kitita kingemlipa kiasi kidogo kwa ushauri huo, kukataa kuuza kungekuwa na bei yake. Kikiendelea kulipia kumuona daktari pekee, foleni ya Amana itarefuka bila siprofloksasini hata moja kupungua mtaani.